Uru Mbili

Alhamisi, ukumbi wa kanisa, Broughty Ferry.
Meza kumi na mbili, birika la chai linalonung'unika,
na mimi, Shembilu, karani mstaafu wa mkonge wa Korogwe,
nimeketi kaskazini.
Kusini yangu, Senga Petrie.
Senga ni Agnes aliyesomwa kinyume,
jina la huku, walilibuni wenyewe.
Ningepaswa kujua tangu hapo
kwamba yapo maneno huingia kinyumenyume.

Alifungua: kopa moja.
Nikasema: shupaza moja.
Akasema: pau mbili.
Nami nikaweka mezani kadi ya uru mbili,
mimi mwenye uru tatu mkononi, mbili na nne
na saba, ambayo kwetu ina heshima yake
na hapa ni garasa tu.

Senga akanitazama kwa huruma, akapiga pasi.

Tukacheza turufu tuliyozidiwa,
sita zetu, saba zao.
Alipolaza karata zake nikamwona
mzungu wa nne wa uru amekaa kimya,
yuleyule niliyekuwa nikimuulizia.
Tukapungukiwa mizunguko mitatu.
Mume na mke kutoka Carnoustie wakatupa pole
kwa sauti ya watu waliookota pochi.

"Ulisema uru," akasema Senga kwenye chai, "nikajua una uru."
"Rangi tatu tumeshazitaja. Ya nne ningeitakia nini?
Nilikuwa nauliza."
"Basi ungeuliza."
"Ndiyo nimeuliza."

Nikamweleza. Kwetu
mtu anayekula, ukimpitia, atasema karibu,
nawe utajibu starehe huku tumbo linanguruma,
na hakuna aliyesema uongo.
Homa imekulaza siku ya tatu,
ukiulizwa hujambo, utasema sijambo,
ndipo habari zenyewe zianze.
Akatafuna biskuti yake mpaka ikaisha.
"Sisi," akasema, "mtu akikuambia
lazima uje siku moja tunywe chai,
usiende."
Akapindua karatasi ya alama, akatoa penseli.

Tukaandika kama watu wanaogawana shamba.
Rangi ya nne si mali, ni swali.
Aliyeulizwa haruhusiwi kupiga pasi.
Ana kizuizi? Aseme bila turufu.
Ana shupaza tatu? Azitoe, aone haya asione.
Hana kitu, arudie neno lake la kwanza,
kurudia nako ni jibu.
Tulipobishana ni hapa: hadi gemu, au mzunguko mmoja?
Yeye alitaka mmoja. Miaka minane ya ujane, alisema,
imemfunza kutoahidi safari ndefu.
Nikakubali mmoja.
Na wapinzani wakiuliza, tuwaambie, ndiyo sheria.
Makubaliano si siri. Siri ni karata.

Wiki nne uru ile haikutokea.

Ya tano, mvua ya ubavuni inatoka mtoni Tay,
tumesimama mlangoni, yeye na ufunguo wa gari,
mimi na mwavuli uliovunjika mbavu.
Akasema, akiitazama barabara:
"Basi lako huchelewa siku za mvua."

Basi halichelewi. Mwaka wa kumi na moja huu
nalipanda, theluji yenyewe haijalichelewesha.
Nikapanga mkono wangu upya:
kopa, ndiyo, ingawa zimechakaa;
sahani moja kwenye rafu ya vyombo;
kizuizi, sina.
Na pasi hairuhusiwi.

"Huchelewa mno," nikasema.
Taa zake zilikuwa zinakata kona pale benki,
namba na jina la mtaa wangu vikisomeka wazi.
Likasimama, likafungua mlango, likasubiri,
na hakuna kati yetu aliyeligeukia.